Shimo la Kumi na Saba

Usiandike "nyeusi," alinikanya Zamfira asubuhi.
Nyeusi ya nini? Ya masizi, ya kunguru, ya chai iliyolala?
Lowesha kwanza. Udongo mkavu ni mwongo.
Basi nikalitemea mate donge, nikalipeleka juani,
nikafungua kitabu cha rangi chenye vijidirisha,
nikalipitisha dirisha hadi dirisha
kama mposaji asiyeijua nyumba ya mchumba.

Tulikuwa chini ya mteremko, kusini mwa Moldova,
mwezi wa tisa, alizeti zimekwisha kukatwa,
visiki vyake vinachoma soli za viatu.
Mwenye shamba, Ilarion, alichimba tangu juzi:
kuta wima, mita moja na nusu, kama tulivyomwomba.
Alitaka kujua jambo moja tu. Miti ya jozi itakubali?
Hayo mengine, alisema, ni ya wasomi.

Zamfira akashuka na kisu.
Hakukata. Aliudonoa ukuta kidogo kidogo,
udongo uvunjike unapotaka wenyewe,
si pale chuma kinapotaka.
"Andika," akasema, kama anayeongea mtungini.

"Sifuri hadi ishirini na nane. Kahawia iliyofifia.
Mpaka wa chini umenyooka kama uzi, hapo jembe la trekta hugota.
Ishirini na nane hadi sabini na mbili. Imefifia bado.
Utando wa mchanga, utando wa tope, mchanga tena.
Nipe asidi."
Tone moja tu,
ukuta ukafura povu, ukachachatika kama mafuta motoni.

Akanyamaza.
Chokaa hukaa chini, ndivyo tulivyofunzwa,
mvua huishusha karne kwa karne.
Hapa ilikuwa juu, penye mizizi ya magugu,
kama mgeni aliyekwenda kuketi kitandani.

Sabini na mbili.
Kisu kikaingia bila ubishi.
Nyeusi.
(Nililiandika hivyo hivyo. Hakunikemea.)
Punje punje kama mtama, imetobolewatobolewa na minyoo,
na tone la asidi likaanguka, likanywewa, kimya.

"Ilarion, hebu shuka."

Alishuka na kofia mkononi.
Zamfira akaelekeza kisu kileleni, kule kilima kilikobaki cheupe
kama utosi wa mtu aliyenyolewa jana.
"Huu ulioulima si wa hapa. Ni wa kule.
Umeteremka na mvua tangu ukanda wa miti ukatwe.
Shamba lako limelala juu ya shamba."

"Nilipochimba niliuona weusi," akasema, "nikadhani ni unyevu."
Akaweka kiganja. Akakitoa. Akakirudisha.
Juu ya ule mweusi palikuwa na alama ya mtaro wa kale,
wa kina kifupi, unaopanda na kushuka.
"Farasi," akasema.
"Babu alikuwa na mmoja, na wa pili wa kuazima.
Walikuwa hawapatani. Unaona ulivyopinda?"
Akacheka, kisha akatazama viatu vyake.

Mimi nilikuwa na fomu mkononi.
Kisanduku cha jina la tabaka kinatosha herufi mbili:
A kubwa, na kando yake ile ndogo
inayomaanisha kufukiwa.
Chini zaidi, manjano, na ndani ya manjano miduara myeusi,
vichuguu vya fuko wa zamani vilivyojaa udongo wa juu.
"Asilimia tano," akasema Zamfira. Nikaandika tano.

Jozi? Zitakubali, alimjibu, mizizi ikifika.
Lini? Akainua bega.

Kanuni yasema shimo lifukiwe kwa mpangilio,
kilichotoka mwisho kirudi kwanza.
Ilarion alianza na manjano, sawasawa.
Kisha akaliruka fungu jeusi, akamwaga lile lililofifia, lote,
akalikanyaga kwa hasira ndogo,
na mweusi akautandaza juu, kwa mikono.

Zamfira alimwona. Alikuwa akifuta kisu kwenye suruali.
Fomu haina swali kuhusu hilo.
Tulipogeuka kutoka barabarani, palionekana kutoka mbali:
mraba mmoja, mdogo kama mkeka.